Kipimo Changu cha Shikamoo

Niseme mapema ili nisionekane nilitaka kulificha: nimewahi kuzingirwa na watu sokoni Soni, mchana kweupe, siku ya gulio, nikiwa nimevaa gauni la kike, khanga kichwani, na mikononi nimepakata mtoto mchanga ambaye hata jina lake silijui. Wanaonifahamu Lushoto wanalijua hilo, na wasiolijua huwa wanasimuliwa ndani ya wiki ya kwanza ya kufahamiana nami, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe, angalau mimi nitawapa na sababu (sababu yenyewe ilikuwa ya kisayansi, msicheke bado).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Serikali ilikuwa ikipunguza watu makazini, na mimi na shahada yangu ya elimu ya jamii tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kupunguzwa, nadhani walianza na wale ambao hakuna aliyejua hasa wanafanya nini. Madukani vitu vilikuwa vimejaa baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, lakini ukinunua betri unaijaribu papo hapo kwenye tochi ya muuzaji, na ukifika nyumbani tochi inawaka hadi unapomaliza kumshukuru Mungu halafu inazima. Tulijifunza kushuku kila kitu. Mimi nilijifunza kuliko wenzangu, maana chuo kikuu walishanifundisha kwamba kushuku ndio mwanzo wa elimu, nikawa namshuku hata mama mwenye nyumba anapoongeza sukari kwenye chai yangu.

Nikapata kazi ya muda kwenye utafiti wa presha ya macho kwa watoto. Kwa wasioijua: jicho lina maji yake ndani, na yakikosa njia ya kutoka, jicho linajaa na kukaza, na kwa kuwa jicho la mtoto mchanga bado laini, linavutika na kuwa kubwa. Kijijini watu wanamsifu mtoto, wanasema macho yake mazuri, makubwa, kumbe anapofuka huku anasifiwa. Daktari wetu, Daktari Mbelwa, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kuamsha wagonjwa, alikuwa akiwapasua watoto hao kuyafungulia maji njia. Sasa utafiti ulitaka kujua, baada ya kisu, mtoto amepata nini? Presha imeshuka na kubaki chini? Jicho limeacha kukua? Na zaidi ya yote, mtoto anaona?

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Nilikuwa na kadi kubwa ukutani, imechorwa alama kama uma wa meno matatu, nyingine meno yameelekea juu, nyingine chini, nyingine kulia au kushoto, kubwa mpaka ndogo. Mimi naelekeza fimbo, mtoto anaonyesha kwa kiganja meno yameelekea wapi. Kwa sababu ya fimbo hiyo, Bibi Mwanaidi, mmoja wa waliokuwa wakituletea watoto kliniki, akaniita mwalimu, na mjukuu wake Zaina akaniita mjomba wa kadi.

Zaina alikuwa na miaka kama sita. Mama yake alikuwa akichuma chai huko Kwamkoro, yeye akilelewa na bibi yake juu ya Soni, na daktari alimpasua akiwa bado ananyonya. Siku zote alivaa kofia ya mtumba yenye ukingo mpana, ya kiume, imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kwenye kadi yangu alikuwa hodari kuliko wote. Wakubwa walikuwa wakikosea mistari ya chini, Zaina hakosei.

Na kwa kuwa hakosei, Bibi Mwanaidi alikuwa na jibu kila tulipomwomba mtoto alazwe usingizi apimwe presha (mtoto mdogo hapimwi vizuri akiwa macho, anafurukuta). "Mwalimu, mtoto anaona mpaka vile vidogo vya chini, mwenyewe umeshuhudia. Sasa mnamlaza ili mtafute nini?" Daktari akitazama matokeo ya kadi, anasema basi, tungoje safari ijayo. Na safari ijayo vivyo hivyo.

Halafu siku moja baada ya kliniki nikawa nakusanya vitu, nikagundua kadi nimeitundika kichwa chini. Nimeitundika mwenyewe, asubuhi, nikiwa na haraka ya kwenda kunywa chai, na mchana kutwa nimeelekeza fimbo kwa mazoea bila kuitazama. Kwenye karatasi zangu, watoto wengine walikuwa wameonyesha kile walichokiona, yaani kinyume. Lakini Zaina alikuwa amejibu vilevile kama siku zote, juu, kulia, chini, kushoto, bila wasiwasi, kama anasoma Alhamdu.

Nikakaa kwenye benchi. Mtoto hakuwa anaitazama kadi hata kidogo. Amekaririshwa. Na wa kumkaririsha ni nani kama si bibi yake, anayekaa kwenye kiti cha nyuma kliniki nzima akiitazama kadi yangu huku mdomo ukimchezacheza, mimi nikidhani anavuta uradi?

Mtu mwenye akili angekwenda kwa daktari saa ileile. Lakini kumwambia daktari maana yake ni kumwambia na habari ya kadi kichwa chini, na mimi kazi ya kwanza nilishapunguzwa. Nikaamua nitanyamaza kwanza, nichunguze mwenyewe, nikishajua kama Zaina anaona au haoni nitakwenda na jibu kamili, na habari ya kadi itapita katikati kimyakimya. Uamuzi mdogo tu. Gauni lilianzia hapo.

Nikabuni kipimo changu mwenyewe. Huku milimani mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila kumpa shikamoo, akithubutu, atakayemwadhibu si mama yake tu, hata mpita njia ana ruhusa. Kwa hiyo nikajiambia: nitampita Zaina kimya, bila kusema neno. Akiniona, lazima ataniamkia. Asiponiamkia, hanioni. Niliona ni kipimo safi kuliko kile cha daktari, hakina hata gharama, nikaanza kuwaza kitaitwaje kwenye majarida.

Mara ya kwanza niliwavizia njiani, wao wanapanda, mimi nashuka, nimebana pumzi. "Shikamoo mjomba wa kadi!" Lakini nilimwona bibi akimbana kiganja. Mara ya pili nikamfuata sokoni bibi akiwa amempa mgongo anapanga peasi zake. "Shikamoo mjomba wa kadi!" Kabla hata sijafika! Nikatazama chini: viatu vyangu vya mtumba vilikuwa vinalia kama vifaranga kila hatua. Hata kipofu aliyeko Mombo, kule chini bondeni, angenitambua.

Basi nikafikiri kama msomi. Viatu, nitavaa malapa. Lakini bibi akiniona tu atampa ishara, kwa hiyo ni lazima bibi naye asinijue. Na mtu gani hatazamwi mara mbili gulioni Soni? Mwanamke mwingine aliyejitanda khanga kwa baridi. (Ninapoliandika sasa naliona jinsi lilivyo. Siku ile lilionekana hoja.)

Muuza mitumba wa Lushoto alinitazama nikichagua magauni.

"Kaka, hilo la mama mnene."

"Mke wangu mnene."

"Mbona simjui?"

"Yuko Tanga."

"Haya, simama nilipime kwako." Akalishikiza mabegani mwangu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Limekukaa. Yaani limemkaa."

Sikuwa na mke Tanga wala kwingine. Khanga nikaomba kwa mama mwenye nyumba, Mama Kupaza, nikamwambia ni ya kazini. "Kazi ya macho siku hizi inataka khanga?" akauliza, lakini akanipa, na macho yake yakanifuata mpaka getini. Ilikuwa na maneno makali pindoni ya kumsema jirani, sitayarudia. Masharubu sikuyanyoa. Niliyafuga tangu mwaka wa pili chuoni na nilikuwa nayapenda, nikaona khanga itayafunika.

Nilibadili nguo kwenye mikaratusi juu ya barabara, nikashuka Soni na ukungu. Na kusema kweli, mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Wafanyabiashara wa malori walikuwa wakigombania kabichi, wanawake wakipita na matenga, hakuna aliyenijali. Mwanamke mmoja alinisemesha Kishambaa, mimi wa Tanga mjini Kishambaa changu ni cha kuombea maji ya kunywa, nikashika koo na kukohoa. Akanionea huruma. Akaniambia kwa Kiswahili, "Pole dada, baridi ya mwaka huu imetumaliza," akamshusha mtoto mgongoni na kunitia mikononi. "Nishikie huyu, nimtwishe mwenzangu gunia, narudi sasa hivi."

Mnaona mtego wenyewe. Ningekataa kwa sauti gani? Nikampakata. Mtoto akanitazama kwa tuhuma, wa kwanza siku ile, lakini akanyamaza.

Hapo wingu likapasuka, jua likashuka sokoni ghafla kama mtu amefungua dirisha, na mbele yangu, kwenye mkeka, namwona Zaina amekaa kando ya peasi. Bibi yake amegeuka, anabishana na mnunuzi wa lori. Hakuna ishara, hakuna viatu. Nikajisogeza mpaka mbele yake kabisa, nikasimama.

Zaina hakusema kitu.

Kichwa kilikuwa chini, ukingo wa kofia umefunika uso. Nikasogea kidogo tena, kivuli changu kikaangukia peasi. Kimya. Mkubwa amesimama mbele ya mtoto wa Kishambaa, na mtoto hamwamkii! Nikajua. Haoni. Mtoto ameshapofuka, na bibi ametudanganya miezi yote hii, na sisi tumekuwa tukimhesabu miongoni mwa waliopona.

Na sehemu hii sijawahi kuwaambia wanaonicheka, maana haichekeshi. Nilifurahi. Mtoto wa miaka sita amesimamiwa na mtu hamwoni, na jambo la kwanza lililopita moyoni mwangu ni kwamba nilikuwa sahihi.

Ndipo Zaina akamvuta bibi yake pindo la khanga, akamnong'oneza kama wanavyonong'ona watoto, yaani soko zima likasikia: "Bibi, mjomba wa kadi amevaa gauni. Nimwamkie baba au nimwamkie mama?"

Mnunuzi wa lori akaacha bei katikati. Bibi Mwanaidi akageuka. Nikataka kuivuta khanga nijifunike zaidi, lakini mkono mmoja ulikuwa na mtoto, na huyo mtoto akaona huo ndio wakati wa kuishika khanga kwa vidole vyake vyote na kuivuta upande wake. Masharubu yangu yakatoka juani.

"Mwanaume!" akapiga kelele muuza karoti. Na mama wa mtoto, aliyekuwa anarudi akijipangusa mikono, akaniona, akaona mtoto wake, akatoa ukelele ambao nadhani ulifika Mombo. "Mwizi wa watoto! Jamani, mwizi wa watoto!"

Nisiwachoshe na dakika zilizofuata. Mtoto walinipokonya (alilia, naapa, alikwishanizoea), gauni likachanika upande mmoja, lapa moja likapotea. Nilisema, "Mimi ni mtafiti!" Msije mkasema hivyo mkiwa mmevaa gauni. Mmoja akadakia, "Ndio hawa! Ndio wanaokuja kuchukua macho ya watoto wetu kuyauza!" Uvumi huo ulikuwapo tangu mradi ulipofika, na mimi nilikuwa nikiucheka kliniki, nikisema watu hawa wanashuku bila ushahidi. Sasa walikuwa na ushahidi, na ulikuwa na masharubu.

Aliyeniokoa ni yule niliyekwenda kumnasa. Bibi Mwanaidi alipita katikati ya watu akiwapiga viwiko, akasimama mbele yangu. "Mwacheni! Huyu si mwizi. Ni mwalimu wa macho. Mjinga, lakini si mwizi."

"Mbona kavaa hivi, bibi?"

"Hilo atanieleza mimi."

Akanikokota mpaka kwenye mgahawa, nyuma, kwenye magunia ya mkaa, Zaina akifuata. Nikakaa na gauni langu lililochanika. Watu walijaa mlangoni.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, binti yangu." Mlangoni wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Haya sema. Ulikuwa unamvizia mjukuu wangu kwa nini?"

Nikaona heri niseme. "Kwa sababu unamkaririsha kadi, bibi. Ilikuwa kichwa chini, naye akajibu vilevile."

Akaziba pengo la khanga yake shingoni. "Kwa hiyo mlijua."

"Mimi tu. Nilidhani haoni."

"Haoni?" Akamgeukia Zaina. "Mwambie huyu umemjuaje."

Zaina alikuwa amekaa gizani penye mkaa, ameivua kofia. Kule ndani alinyanyua uso na kunitazama sawasawa, kwa macho yale makubwa, yakilengwa na machozi. "Miguu," akasema. "Una manyoya. Na kidole kile kimepanda juu ya kingine."

Nikatazama kidole changu. Ni kweli.

"Mbona hukuniamkia upesi?"

"Sikujua wewe sasa ni nani."

"Na kwa nini unatazama miguu, hutazami uso?"

Hapo bibi ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwa sababu uso uko juu, na juu kuna mwanga. Kadi yako umeitundika pembeni ya dirisha, mwalimu. Akinyanyua kichwa yanamchoma, machozi yanamtoka. Mwaka ule wa kwanza wa mradi alikuja mgeni wenu mmoja, mtoto akafumba macho, mgeni akaandika haoni, akasema apelekwe shule ya vipofu huko mbali. Mama yake yuko Kwamkoro, mimi nina huyu tu. Nikasema, hawatamchukua kwa kadi. Nikaishika kichwani, nikamfundisha."

"Yanamchoma tangu lini, bibi?"

"Alipopasuliwa yaliacha. Yamerudi. Tangu baridi ilipoanza yamezidi."

Mimi si daktari, lakini nilikuwa nimejaza karatasi za watoto wale kiasi cha kutosha kujua swali la kwanza juu ya kila karatasi: je, mwanga unamwumiza, macho yanatoka machozi? Ndiyo dalili ya presha kupanda. Nilikuwa nimeliandika "hapana" kwa Zaina kila safari, kwa sababu bibi alisema hapana, na kofia ile nilidhani ni urembo. Nilikuwa nimemshuku bibi, nimeshuku viatu vyangu, nimeshuku viganja vinavyobanana njiani, na kofia iliyokuwa mbele ya macho yangu sikuishuku.

"Bibi," nikasema, "umenidanganya juu ya kadi, mimi nimekudanganya juu ya gauni. Lakini huyu akikaa hivi, hata miguu hataiona. Mlete kesho kutwa alazwe apimwe. Hakuna atakayempeleka shule ya vipofu, anaona."

"Nitaamini vipi?"

"Nitamwambia daktari mwenyewe."

Alinipima kwa macho toka lapa moja mpaka masharubu. "Utamwambia na hili gauni?"

"Na gauni."

"Basi nitamleta. Nataka nisikie daktari akiambiwa."

Na akamleta, na akakaa kwenye kiti chake cha nyuma. Nikamwambia Daktari Mbelwa yote, kadi kichwa chini, shikamoo, muuza mitumba, mtoto wa watu. Wauguzi walitoka nje mmojammoja, nikiwasikia nyuma ya ukuta wakishindwa kupumua kwa kicheko. Daktari alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Aliitambua miguu yako akiwa amekaa wapi, na wewe umesimama wapi?"

"Kama kutoka kwangu mpaka hapo ulipokaa, daktari."

"Kivulini au juani?"

"Juani. Chini ya kofia."

Akaandika. Aliandika kweli, kwa uso mkavu, halafu akaagiza kadi ihamishwe kutoka dirishani na mtoto alazwe. Presha ilikuwa imepanda, macho yote mawili. Akampasua tena wiki ileile. Alituambia wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi, kwamba kazi ni kushika kilichobaki. Bibi Mwanaidi akamwuliza kipi kimebaki, daktari akanionyesha mimi kwa kidole: "Kama anamtambua huyu ndani ya gauni, kimebaki cha kutosha."

Kazi sikupunguzwa, ingawa kuanzia siku hiyo kadi alitundika muuguzi. Na mimi nikaapa, mbele ya Mama Kupaza aliyerudishiwa khanga ikiwa na tope, kwamba nikitaka kujua mtoto anaumwa nini nitaanza kwa kumwuliza mtoto, nikiwa nimevaa suruali.

Zaina sasa ni mtu mzima. Ana miwani mizito na cherehani Lushoto mjini, karibu na stendi, na kofia hakuiacha. Mimi macho yangu ndiyo yameanza kuchoka, nikipita barabarani simwoni mtu mpaka nimkanyage. Lakini kila nikipita upande wa pili wa barabara, nimevaa viatu visivyolia, sijakohoa, sijasema neno, nasikia kutoka kwenye kibaraza chake, kwa sauti ya kutosha wateja wote wageuke:

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba," naitika, sigeuki, naongeza mwendo. Na kimoyomoyo, kama mtafiti asiyekoma, napima umbali.